Stima za chuma za mtoni kabla ya Liemba: nani alianza kuzipeleka vipande vipande?

Mwanakibirizi (Kigoma)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wajuzi wa historia ya vyombo na mafundi wa chuma.

Klabu ya historia ya shule moja hapa mjini inaandaa maonyesho ya Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Habari za Liemba yenyewe zipo: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikateremshwa ziwani Februari 1915. Ubishi umekuja kwenye bango la kwanza. Rasimu inadai Wajerumani ndio waliobuni ujanja wa kujenga meli ya chuma, kuifungua, kisha kuiunga tena mahali ambapo meli ya baharini haifiki. Mwalimu wa klabu anasema hapana, Waingereza walikuwa wakifanya hivyo kwenye stima zao za mtoni tangu mwanzo wa enzi ya Malkia Victoria.

Nani yuko sahihi? Na kama ni Waingereza, naomba mambo ya uhakika ya kuandika: stima zipi, miaka ipi, bamba lilikuwa na unene gani, ziliungwaje, injini ya aina gani, na nini kilikuwa kinaziua. Picha za mtandaoni zinaonyesha magurudumu ubavuni na bomba refu la moshi, basi.

Kuna mwanafunzi anataka pia kutengeneza mfano wa kuweka mezani.

Reli ya Kati (Tabora)

Mwalimu wenu yuko sahihi, tena amewapunguzia miaka. Liemba inafungwa makashani, ujanja huo ulikuwa umeshatimiza miaka 90 na ushee.

Anzeni na stima iitwayo Aaron Manby. Mabamba yake yalikatwa na kutobolewa mwaka 1821 kwenye karakana ya Horseley huko Tipton, katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Vipande vikapelekwa London, vikaungwa Rotherhithe. Juni 1822 ikavuka kwenda Ufaransa chini ya nahodha Charles Napier, ikapanda mto Seine mpaka Paris. Hiyo ndiyo stima ya kwanza ya chuma kuingia baharini, na angalieni kwamba kazi yake hasa ilikuwa ya mtoni.

Kwenye bango andikeni "stima ya kwanza", msiandike "chombo cha kwanza cha chuma". Mwaka 1819 Thomas Wilson alishajenga Vulcan huko Scotland, mashua ya abiria ya kwenye mfereji, bodi lote chuma. Haikuwa na injini, ilivutwa na farasi.

Jina la kuandika kwa herufi kubwa ni John Laird wa Birkenhead, ng'ambo ya Liverpool. Karakana ya familia yake ilianza na boila, na hilo linaeleza mengi: aliyezoea kuzuia mvuke usitoke ndani ya chuma hapati taabu kuzuia maji yasiingie. Mwaka 1832 ilitoka Alburkah, futi 70 kwa 13, kwa safari ya mto Niger. Jina ni la Kihausa, na ni baraka yetu hii hii, lilitoka kwenye Kiarabu kama letu. Ilikwenda Afrika Magharibi ikipasua bahari yenyewe. Bodi lilihimili; watu ndio hawakuhimili. Kati ya Wazungu 48 wa msafara ule walirudi 9 tu; wengi wa waliobaki waliuawa na homa.

Mwaka 1833 ikaja ile ninayoiona kuwa bibi halisi wa Liemba: Lady Lansdowne, futi 133. Laird alitengeneza vipande Birkenhead, vikavushwa hadi Ireland, vikaungwa Killaloe kwenye ncha ya ziwa Derg, ziwa ambalo mto Shannon unapita ndani yake. Ziwa la bara, vipande kutoka kiwandani, ribiti (misumari minene ya kuunganishia mabamba) zinapigwa ufukweni. Badilisheni majina tu mtapata Kigoma. Mwaka uliofuata Laird akajenga Garryowen, ya abiria kati ya Limerick na Kilrush kwenye mlango wa Shannon huo huo.

Victoria alirithi kiti mwaka 1837, kwa hiyo hizo zote zilimtangulia. Enzi yake ilipoanza jambo likageuka biashara ya kawaida. Kwenye mto Thames, Ditchburn na Mare wa Blackwall walikuwa wanajenga bodi, John Penn wa Greenwich anaweka injini, na watu wa London wanapanda kwenda Greenwich, Woolwich na Gravesend kama tunavyopanda daladala. Moja ya kazi zao za pamoja ipo mpaka leo: Rigi, iliyojengwa London mwaka 1847, ikapelekwa vipande hadi Luzern, Uswisi, ikaungwa na kuanza safari 1848. Ipo kwenye makumbusho ya usafiri ya mji huo.

Kwa wapenzi wa mpira: karakana ile ya Mare baadaye iliitwa Thames Ironworks. Wafanyakazi wake walianzisha timu mwaka 1895, ndiyo West Ham ya leo. Zile nyundo mbili kwenye nembo ni nyundo za ribiti.

Fundi Bangwe (Kigoma)

Mkuu hapo juu amemaliza majina. Mimi nazungumzia bamba.

Kwanza tutofautishe, maana kwa Kiswahili tunasema "chuma" kwa kila kitu. Stima za miaka ya 1830 na 1840 zilikuwa za chuma cha kufuliwa, chenye nyuzinyuzi za taka ndani yake kama ubao. Liemba ni chuma cha pua. Mkiandika "chuma" peke yake kwa zote mbili mtu anayejua atawacheka.

Unene: Alburkah ilikuwa na bamba la robo inchi chini, likipungua kadiri unavyopanda hadi inchi moja ya nane ubavuni juu. Kanuni ya kukumbuka ni hii: chuma cha kufuliwa chenye unene wa inchi moja kina uzito wa pauni 40 kwa futi moja ya mraba. Robo inchi basi ni pauni 10. Vinu vya wakati ule havikuweza kutoa bamba kubwa, kwa hiyo chukulia kipande cha futi 8 kwa 2: pauni 160, kilo 73 hivi. Watu wawili wenye nguvu wanakibeba. Ndiyo sababu moja iliyowezesha kusafirisha meli kwa vipande: hakuna kipande cha bodi kinachohitaji winchi.

Jinsi ilivyofanyika. Umbo la meli linachorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye sakafu ya ukumbi mkubwa. Kutoka kwenye mchoro huo zinakatwa ruwaza za mbao nyembamba, matundu yote yamewekwa alama. Ruwaza inalazwa juu ya bamba, alama zinahamishwa, bamba linakwenda kwenye mashine ya kutoboa. Hapo pana siri ambayo vitabu vingi vinairuka. Mashine ile haikati tundu lililonyooka, inaacha tundu jembamba upande ulikoingilia meno na pana upande wa kutokea. Fundi mzuri anatoboa kila bamba kuanzia upande utakaogusana na mwenzake. Yakikutanishwa, sehemu nyembamba zinatazamana katikati na pana zinabaki nje. Ribiti ikipigwa inajaa koni zote mbili, kwa hiyo hata kichwa kikilika kwa kutu, mwili wake bado unashika. Ukitoboa kinyume, ribiti inakaa kama kizibo cha chupa.

Mabamba yakishatobolewa yanafungwa kwenye mataruma (mbavu za meli) kwa bolti za muda, meli nzima inasimama kiwandani kavu, kila kipande kinapigwa namba kwa patasi na rangi, kisha inafunguliwa. Ribiti zenyewe zinasubiri huko mwisho wa safari. Graf von Goetzen ilifanyiwa vivyo hivyo Papenburg.

Genge la ribiti lilikuwa la watu wanne au watano. Kijana wa moto anapasha ribiti na kuirusha, mwingine anaidaka kwa koleo na kuichomeka, mmoja yuko ndani ameegemeza nyundo nzito kwenye kichwa, wawili nje wanapokezana nyundo. Kwa bamba la robo inchi ribiti ni nusu inchi hadi tano ya nane. Urefu wake ni unene wa mabamba yote pamoja na ziada ya mara moja na robo hadi moja na nusu ya kipenyo, hiyo ziada ndiyo inayogeuka kichwa. Rangi ya kupigia ni nyekundu inayong'aa. Ikiwa nyekundu iliyofifia haijazi tundu. Ikiwa nyeupe inatoa cheche imeungua, itakatika siku ya baridi. Ikipoa inajikaza yenyewe na kuyabana mabamba, na huo mbano ndio unaoshikilia meli, si ile shingo ya ribiti.

Kupima: weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Iliyolegea unaisikia inatetema kidoleni. Inakatwa kichwa kwa patasi, inatolewa, inapigwa nyingine. Hata meli za leo zenye ribiti zinapimwa hivyo.

Mwisho ni kukalafati, ila si kwa pamba kama boti zetu za mbao. Ukingo wa bamba la juu unapigwa kwa patasi butu mpaka chuma chenyewe kinajisukuma na kuliuma bamba la chini. Kwa bamba jembamba kuliko inchi tatu za kumi na sita hili halifanyiki vizuri: unapopiga hapa, linainuka kule katikati ya ribiti mbili. Hapo ilibidi waweke kitambaa kizito kilicholowekwa kwenye rangi nyekundu ya risasi katikati ya mabamba kabla ya kupiga ribiti.

Mwanakibirizi (Kigoma)

Asante sana Fundi, na Mkuu wa Tabora. Swali limezaa swali. Kama bamba linabebwa na watu wawili na ujanja ulikuwepo tangu 1821, kwa nini ziwa letu lilisubiri mpaka 1915 kupata meli ya ukubwa ule? Njia ya misafara Tabora hadi Ujiji ilikuwepo siku zote.

Reli ya Kati (Tabora)

Kwa sababu kinachozuia ni boila, bamba halijawahi kumshinda mtu.

Mzigo wa mpagazi kwenye njia ile ulikuwa kama pauni 70, frasila mbili. Bamba la Fundi la pauni 160 ni zaidi ya mizigo miwili, lakini unaweza kulikata vipande vitatu. Stanley alifanya hivyo na Lady Alice, mashua yake ya mbao ya vipande. Boila haikatwi. Ni ngoma moja au sanduku moja, na ukiligawa unakuwa umeharibu kitu pekee kinacholifanya liwe boila.

Wakati wa Laird mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1835 Kanali Chesney alishusha stima mbili za chuma, Euphrates na Tigris, pwani ya Syria, azivushe nchi kavu mpaka Birecik kwenye mto Euphrates. Mabamba yalikwenda. Boila ndizo zilizowatoa jasho: makundi ya ng'ombe, barabara kulimwa upya, miezi kupita. Zote mbili zilikuwa zikisafiri mtoni 1836, na Tigris ikazama kwa dhoruba tarehe 21 Mei mwaka huo huo.

Livingstone naye alikutana na tatizo hilo upande wa kusini. Ma Robert yake ya mwaka 1858, kazi ya Laird pia, ilikuja kwa sehemu tatu na kuungwa mlangoni mwa Zambezi. Hapa kwetu Good News ya wamisionari wa London iliteremshwa ziwani mwaka 1885, lakini hiyo ni futi 54 tu, na ilipitia njia ya Nyasa. Reli ilipofika Kigoma Februari 1914 ndipo boila kubwa zilipopata njia. Kwa hiyo bango lenu lingeweza kusema hivi: ujanja ni wa Waingereza wa miaka ya 1820, kilichokuwa kipya Kigoma ni behewa.

Uingereza ilikuwa kinyume, reli iliua stima. Njia ya London hadi Greenwich ilikamilika 1838, na abiria wa haraka wakahama mtoni mmoja mmoja.

Makenika wa Ziwa (Ujiji)

Niongeze upande wa injini maana umeachwa, na ndio mtamu.

Stima za kwanza zilikuwa na injini zenye mihimili mikubwa ubavuni inayopanda na kushuka kama bembea. Nzito, na zinakula nafasi ya abiria. Kwenye mto wa maji machache kila tani inazamisha chombo zaidi. Suluhisho ni silinda yenye kuyumba, ambayo Aaron Manby mwenyewe (mtu ambaye stima ile ilipewa jina lake) aliipatia hataza mwaka 1821 na John Penn akaikamilisha.

Ichukulieni hivi. Kwenye injini ya kawaida pistoni inakwenda wima, kwa hiyo lazima iwepo fimbo ya pili, yenye kucheza, kati ya pistoni na mkono wa shafti. Silinda yenye kuyumba inaiondoa fimbo hiyo kabisa. Fimbo ya pistoni inashika mkono wa shafti moja kwa moja, na silinda nzima ndiyo inayoyumba kulia na kushoto kufuata mzunguko. Imening'inia kwenye mashikio mawili ya duara ubavuni mwake, na mashikio hayo yana tundu ndani: mvuke unaingia kwa moja, unatoka kwa jingine. Shafti ya magurudumu iko juu yake hapo hapo. Injini yote inakaa chini ya sitaha, kati ya magurudumu mawili.

Mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza lilimpa Penn meli ya Black Eagle abadilishe injini. Aliweka zenye nguvu maradufu kwenye nafasi ile ile na uzito ule ule. Baada ya hapo hakukuwa na ubishi. Na anayetaka kuiona moja aende Dresden: stima Diesbar kwenye mto Elbe ina injini ya Penn ya silinda mbili zenye kuyumba, ya mwaka 1841. Bodi ni la 1884, injini ilihamishwa kutoka chombo cha zamani zaidi.

Ubovu wake uko kwenye yale mashikio. Pakingi ya nyuzi na shahamu inasuguliwa kila mzunguko na inabeba uzito wa silinda pia. Ikilika upande mmoja, mvuke unavuja. Upande wa kutokea hewa inaingia ndani, na hapo nguvu inakwisha bila mtu kuona kitu.

Kwa nini hewa ikiingia nguvu inakwisha? Kwa sababu injini hizo zilikuwa zinaishi kwa ombwe (nafasi tupu isiyo na hewa) kuliko kwa mvuke. Boila za miaka ya 1840 zilikuwa masanduku yenye kuta bapa, yamekazwa kwa nondo ndani, na presha yake ilikuwa pauni 5 hadi 10 tu kwa inchi ya mraba. Hiyo ni ndogo kuliko tairi ya baiskeli. Mvuke uliotumika uliingizwa kwenye kondensa, ukamwagiwa maji baridi ya mto, ukageuka maji ghafla, ukaacha ombwe la kama inchi 26 za zebaki, yaani karibu pauni 13. Jumlisha pauni 6 za boila: pistoni inasukumwa na pauni 19, na theluthi mbili yake imetoka kwenye hewa ya bure. Hapa ziwani, mita 770 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe ina pauni 13.4 badala ya 14.7. Injini ile ile ya Penn ingepoteza zaidi ya pauni moja kabla haijawashwa.

Magurudumu sasa. Tuchukue gurudumu la kipenyo futi 13 likizunguka mara 30 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda futi 1,225 kwa dakika, sawa na noti 12 (maili za baharini kwa saa). Maji yanateleza, ondoa robo, umebaki na noti 9. Makasia yaliyogongomelewa moja kwa moja yanapiga maji kama kofi yanapoingia na kuyanyanyua yanapotoka. Galloway alipata hataza ya makasia yanayojigeuza mwaka 1829, yanaingia wima na kutoka wima, lakini yana vifundo vingi, na kila kifundo ni mahali pa kukwama gogo. Wenye stima ndogo wengi walibaki na makasia ya kawaida.

Makaa: pauni 5 hadi 8 kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Injini ya farasi 60 inameza kilo 136 hadi 218 kila saa.

Kalinzi Juu (Kigoma)

Makenika, ukisema presha ndogo kuliko tairi wanafunzi watadhani boila hizo hazikuwa na hatari. Tarehe 27 Agosti 1847 stima ya Cricket, iliyokuwa ikibeba abiria London kwa nusu peni, ililipuka gatini mchana kweupe na kuua. Valvu za usalama zilikuwa zimefungwa zisifunguke.

Makenika wa Ziwa (Ujiji)

Kweli kabisa Mkuu, na nashukuru. Ila Cricket ilikuwa ya presha kubwa, haikuwa ya mtindo niliousema. Boila la sanduku kwa kawaida lilikufa taratibu, na sababu yake kuu mtoni ni tope. Maji ya mto yanaingia na udongo, udongo unakaa juu ya paa la tanuru, maji hayaligusi tena bamba, bamba linaiva na kuvimba kwa chini kama mfuko. Dawa ni kufungua koki ya chini mara kwa mara litoke tope, na kuingia ndani kukwangua chombo kinapolala. Mvivu anaona uvimbe kwanza, kisha ufa, kisha maji kwenye moto.

Fundi Bangwe (Kigoma)

Na bodi nalo lina vifo vyake.

Kutu haili meli sawasawa. Inapenda mstari wa maji, inapenda ngama (chini kabisa ndani ya meli, maji yanakokusanyika) chini ya boila ambako joto, maji na vumbi la makaa vinakutana. Makaa yana salfa. Yakilowa yanatoa asidi. Majivu yaliyoachwa ndani usiku mzima yanakula bamba kuliko mwaka wa mto. Sehemu nyingine ni chini ya mbao za sitaha, na kuzunguka koki za shaba zilizofungwa moja kwa moja kwenye chuma: shaba inapona, chuma kinaliwa. Kinga ilikuwa rangi nyekundu ya risasi, na baadaye saruji iliyomiminwa kwenye ngama ili maji yasikae kwenye ribiti.

Chuma cha kufuliwa kina uvumilivu. Ndiyo maana Skibladner ya ziwa Mjøsa huko Norway, bodi la chuma la mwaka 1856, nayo imeungwa ukingoni mwa ziwa, bado inabeba abiria. Ma Robert ilijengwa kwa bamba la chuma cha pua la inchi moja ya kumi na sita. Nimeshasema bamba la aina hiyo halikalafatiki. Miaka miwili na nusu ikawa chujio, Desemba 1860 ikazama. Kosa halikuwa la chuma cha pua kwa jumla. Kosa ni wembamba: kutu ya milimita moja kwenye bamba la robo inchi ni mkwaruzo, kwenye bamba lile ni karibu tundu.

Kukwama kwenye mchanga hakukuwa tatizo. Bamba linabonyea, la mbao linafunguka viungo. Garryowen ilitupwa ufukoni na kimbunga cha Januari 1839 na bodi likabaki zima.

Kilichoua watu wengi ni kugongana, na dawa yake ni viambaza, yaani kuta za ndani zinazoigawa meli. Garryowen ilikuwa na viambaza vya chuma visivyopitisha maji, wazo la Charles Wye Williams, mapema yote hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1846 ikalazimisha stima mpya za chuma ziwe na viambaza vya kutenga mbele, chumba cha injini na nyuma. Haikutosha. Tarehe 3 Septemba 1878, Princess Alice, stima ya abiria ya Thames yenye bodi la chuma, ilipigwa ubavuni na meli ya makaa Bywell Castle, ikakatika, wakafa zaidi ya 600. Ukuta wa ndani haufai kitu chombo kikikatwa vipande.

Mwanakibirizi (Kigoma)

Bango limeshafutwa na kuandikwa upya. Sasa ule mfano. Mwanafunzi anataka kutengeneza Lady Lansdowne nzima kwa kipimo cha moja kwa hamsini, na ribiti zake zionekane. Vifaa: bati, mbao laini, bomba za plastiki.

Fundi Bangwe (Kigoma)

Mwambie aache. Futi 133 kwa moja kwa hamsini ni sentimita 81, sawa, inakaa mezani. Lakini ribiti zikipishana inchi mbili, kwa kipimo hicho zinakuwa milimita moja moja. Hakuna mkono utakaozipiga, na zikipigwa hazitaonekana.

Afanye kipande cha katikati tu, kipimo cha moja kwa ishirini, ubavu mmoja ukiwa wazi. Chombo chenye upana wa futi 21 kinakuwa sentimita 32, na urefu wa sentimita 40 unatosha kuingiza boila, injini na magurudumu. Ribiti zinakuja milimita mbili na nusu. Kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani cha kuhamishia alama kinapishana karibu hivyo. Alaze bati la kopo, laini, juu ya kadibodi, apitishe kigurudumu kwa rula upande wa nyuma, vichwa vinatokea mbele. Mistari miwili kwenye kila ungio la urefu si lazima. Mmoja ulikuwa wa kawaida kwa bamba jembamba. Mabamba yapandiane kama vigae, la juu likilala juu ya la chini.

Makenika wa Ziwa (Ujiji)

Gurudumu la futi 13 litakuwa sentimita 20. Makasia 13, kanuni ya zamani ilikuwa kasia moja kwa kila futi ya kipenyo.

Silinda iyumbe kweli, la sivyo maonyesho hayana maana. Akate bomba, agundishe kipande cha msumari mnene kila ubavu katikati ya urefu wake, visiingie ndani, viwe mashikio. Mkono wa shafti uwe milimita 23, na kutoka mashikio hadi katikati ya shafti milimita 91. Kwa vipimo hivyo silinda itaegemea nyuzi 14 na nusu kila upande, kwa hiyo aache nafasi hiyo kwenye msingi kabla ya kugundisha chochote. Fimbo ya pistoni isizidi urefu: mkono wa shafti ukiwa chini kabisa, pistoni isigonge kitako cha bomba; ukiwa juu kabisa, isichomoke. Azungushe kwa mkono mara kumi kabla ya kupaka rangi.